Tunakifukia Chumba cha Tatu

Juni tulianza na kamba na vigingi,
mita mbili kwa mbili, chini ya Kiboriani,
mahali ambapo watu wa Mpwapwa hupaita Kanisani
ingawa kanisa halipo; ipo miiba
na mstari wa mawe ambao mbuzi huuruka bila heshima.

Upepo wa Julai ulisoma daftari kabla yetu,
ukafunua kurasa, ukatia vumbi kwenye chai.
Ndahani alichekecha. Mimi nilishika brashi,
brashi ya kupakia rangi, ya dukani kwa Msangi,
nywele zake zikinyofoka moja moja
na mara mbili nikaziandika kuwa mizizi.

Tulipata misumari saba iliyoliwa na kutu,
shanga ya buluu,
mfupa wa kanga (Jumapili moja mtu alikula vizuri),
na kibao cha mwanafunzi, cha jiwe jeusi,
kimekwaruzwa *ba, be, bi*
halafu ufa.

Vijana wa bodaboda walisimama ukingoni:
"Hamjaifikia tu mali ya Mjerumani?"
"Bado," alijibu Ndahani bila kuinua uso,
"tumefikia ya bibi yako."

Alidhani anatania.

Agosti, sentimita tisini, ukuta ukaanza kutoka.
Si chokaa. Udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe, jivu,
na juu yake michirizi ya vidole,
upinde juu ya upinde juu ya upinde
hadi pembeni, ambapo mkono ulichoka
ukaacha kiganja kizima, wazi, kama mtu anayesema basi.

Barua za zamani tulizisoma, nakala zake.
Zinasema: mchungaji alijenga nyumba.
Hazimtaji aliyekanda.
Aliyewahi kuja kuuhifadhi, zamani, naye hakuuliza;
alipiga sementi upande wa kaskazini.
Sementi ingalipo, imekaa kama meno ya bandia,
na ukuta ulio nyuma yake umekuwa unga.

Nikamwita shangazi yangu Sechelela,
ambaye tembe lake hulisiriba kila kiangazi.
Hakupiga magoti. Alitazama tu,
akanyoosha mkono bila kugusa, akaurudisha,
akanyoosha ule mwingine.
"Huyu alikuwa wa mashoto," akasema.
"Na kidole chake cha kati kilivunjika kikaunga vibaya."
Tukapima. Kila upinde, mchirizi mmoja unaruka.
Mashimo ishirini na mawili, miezi mitatu, vyeti viwili ukutani kwangu,
na hatukuwa tumeuona.

Basi akatufundisha kuziba kingo.
"Maji kidogo. Kidogo, nimesema!
Udongo ukikushika kidole kama mtoto mchanga, acha."
Wangu haukunishika hadi siku ya nne.

Novemba fedha ya paa haikuja.
Lilikuja wingu, upande wa Kongwa, jeusi chini.
Tukatandaza kitambaa, tukamimina mchanga uliochekechwa,
kisha udongo uleule, ndoo kwa ndoo, tuliokuwa tumeutoa.
Mwenyekiti wa kitongoji alishika kiuno:
"Miezi mitano mnachimba ili mfukie?"
Nilikuwa na jibu la kitaalamu, lina unyevu na chumvi ndani yake.
Shangazi akanitangulia:
"Wewe moto wako usiku huufukii majivuni?
Au asubuhi huenda kuomba kwa jirani?"

Desturi yetu ni kuacha sarafu ya mwaka huu chini kabisa,
ili wajao wajue tulipoishia.
Niliiweka, mia mbili, uso juu.
Yeye alikuwa ameshaacha yake:
kwenye kiraka cha mwisho, kando ya kile kiganja,
upinde mmoja, mkono wa kulia,
michirizi minne imenyooka.

Jumamosi mvua ilipotulia nilipita.
Palikuwa tambarare, na nyasi hazijaamua.
Mbuzi wakavuka bila kuruka.